Mafuta ya Akiba Katika Safari Ndefu ya Tela la Kambi

Tela la kambi ni nyumba ndogo inayovutwa na gari. Ndani yake mna hema la kukunjua, magodoro, jiko na mtungi wa gesi, jokofu, betri na tangi la maji. Msafiri akiongeza humo jerikani mbili za petroli, huwa ameweka chumba cha kulala, jiko na ghala la mafuta mahali pamoja, katika eneo lisilozidi sana ukubwa wa kitanda cha watu wawili. Jambo hilo laweza kufanywa kwa usalama, lakini usalama huo hauji wenyewe. Somo hili laeleza namna ya kuamua kama unahitaji mafuta ya akiba, ni kiasi gani, yawekwe katika chombo gani na yafungwe wapi. Mfano tulioutumia ni wa familia inayotoka Dar es Salaam kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa njia ya Morogoro na Iringa, kwa kuwa safari hiyo ina sehemu mbili zilizo tofauti kabisa: barabara kuu yenye vituo vingi vya mafuta, na kipande cha mwisho ambacho msafiri hapaswi kutegemea kukuta kituo.

Kinachowaka ni mvuke

Petroli iliyo majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke unaotoka juu yake ukachanganyika na hewa, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Kwa hiyo hakuna asubuhi ya baridi hapa nchini, iwe Makambako au Njombe, ambayo petroli iliyoachwa wazi huwa haina hatari. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi ukatoweka kama moshi wa kuni. Hushuka, hutambaa ardhini, hujikusanya kwenye sakafu ya tela, chini ya magodoro na ndani ya masanduku yasiyo na matundu. Hauonekani kwa macho. Waweza kusafiri hatua kadhaa hadi ukutane na mwali wa jiko, kisha moto ukarudi ulikotoka mvuke huo kwa kasi isiyompa mtu nafasi ya kuinuka.

Kiasi kinachotosha kuleta maafa ni kidogo kuliko watu wengi wanavyodhani. Hewa yenye mvuke wa petroli wa asilimia 1 na nusu hivi tayari hushika moto. Nusu lita ikigeuka mvuke yote ndani ya hema dogo lililofungwa yatosha kulifikisha hema zima katika kiwango hicho. Na kwa kuwa mvuke hukaa chini, kikombe kimoja chaweza kuifanya hewa ya sakafuni iwe ya kuwaka, pale pale walipolazwa watoto.

Dizeli ni tofauti kidogo. Huhitaji joto la zaidi ya nyuzi 50 kabla ya kutoa mvuke unaoweza kuwaka, na kwa sababu hiyo haina hatari kubwa kama petroli wakati wa kubebwa. Hata hivyo ikimwagikia ekzosi yenye moto, au ikilowesha kitambaa kilicho karibu na jiko, huwaka vizuri sana. Mwenye gari la dizeli asiliruke somo hili.

Wakazi wa Morogoro hawahitaji kuelezwa zaidi. Tarehe 10 Agosti 2019, katika eneo la Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli iliyomwagika, na moto ukalipuka. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha.

Je, unayahitaji kweli?

Lita iliyo salama kuliko zote ni ile iliyo ndani ya tangi la gari lenyewe. Tangi hilo limeundwa kuhimili mtikisiko, lina njia ya kupumulia, na limewekwa mahali ambapo watengenezaji walipachagua kwa kuzingatia ajali. Kila lita iliyo nje ya tangi ni ya hatari zaidi, hata iwe katika chombo bora namna gani. Basi swali la kwanza ni hesabu, wala si ununuzi wa jerikani.

Wapo wanaojaza jerikani Dar es Salaam kwa sababu wameona bei ya huko ni nafuu kuliko ya mikoani. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, mji kwa mji, na yeyote aweza kuilinganisha ya Dar es Salaam na ya Iringa kabla hajaondoka. Tofauti hiyo hutokana hasa na gharama ya kusafirisha mafuta, nayo kwa lita arobaini ni fedha ndogo. Kwa maoni yetu haistahili kilomita mia tano za kuvuta petroli nyuma ya familia, kupanda Mlima Kitonga katikati ya malori.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua gari la petroli lenye tangi la lita 85. Likivuta tela katika barabara ya Iringa hadi Msembe, makao ya Hifadhi ya Ruaha, tuseme latumia lita 18 kwa kila kilomita 100. Umbali huo ni kama kilomita 130, yaani 260 kwenda na kurudi: lita 47. Ndani ya hifadhi tela litaachwa kambini, na gari litazunguka kilomita 60 kwa siku kwa siku nne, kwa mwendo wa polepole na gia nzito, likitumia lita 20 kwa kilomita 100: lita 48. Jumla ni lita 95. Ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya kupotea njia, mchanga, matope au kuzunguka mto uliojaa: lita 19. Unahitaji lita 114. Tangini utahesabu lita 80, kwa kuwa si busara kulikausha. Upungufu ni lita 34, ambazo ni jerikani mbili za lita 20, zisizojazwa hadi ukingoni.

Angalia kwamba jerikani hizo mbili zilihitajika kuanzia Iringa tu. Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa zaweza kusafiri zikiwa mpya au zimekaushwa vizuri, bila tone la petroli ndani. Angalia pia kwamba tarakimu za matumizi ya mafuta ni za mfano. Gari lako lina zake, na njia ya kuzijua ni moja: jaza tangi pomoni, vuta tela lililopakiwa kama litakavyopakiwa safarini kwa kilomita 100 au zaidi, kisha jaza tena na usome risiti. Wengi hushangazwa na wanachokisoma.

Kuchagua chombo

Dumu la njano la lita 20 lililokuja na mafuta ya kupikia ndilo chombo kinachopatikana kwa urahisi zaidi katika Afrika Mashariki, nalo halifai kabisa kwa petroli. Kifuniko chake hakikuundwa kuzuia mvuke wenye msukumo. Plastiki yake hulegea na kuvimba ikikaa na petroli juani. Na mara nyingi limeshatumika miaka mingi kwa maji, likiwa na nyufa zisizoonekana kwenye mkono na kwenye pembe. Chupa za maji ni mbaya zaidi, tena zina hatari ya pekee: mtoto mwenye kiu huzijua kama chupa za maji.

Jerikani halisi ya chuma ilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kwa matumizi ya jeshi. Waingereza walioiteka vitani waliipa jina kutokana na "Jerry", jina la utani walilowaita Wajerumani, na jina hilo ndilo tunalolitamka hadi leo, japo sasa twaliita hivyo hata dumu la plastiki. Mambo yaliyoifanya maarufu ndiyo yale ambayo mnunuzi apaswa kuyatafuta. Ubavuni ina mikunjo yenye umbo la msalaba, inayouruhusu ubavu kutanuka bila kupasuka. Juu, chini ya mikono yake mitatu, pana uvungu unaobaki na hewa hata ikijazwa. Kifuniko chake hufungwa kwa wenzo unaokigandamiza juu ya mpira, wala si kwa kuzungushwa kama kifuniko cha soda.

Vyombo vya plastiki vilivyotengenezwa mahususi kwa mafuta vipo pia, na vingine ni vizuri. Ili kuvitofautisha na vya kawaida, tafuta alama iliyopigwa kwenye mwili wa chombo: duara lenye herufi u na n, moja juu ya nyingine, ikifuatwa na 3A1 kwa jerikani ya chuma au 3H1 kwa ya plastiki. Baada yake hufuata herufi. X au Y huonyesha kwamba chombo chafaa kwa kimiminika cha hatari ya petroli, ilhali Z haifai. Mbele kidogo ya hapo ni tarakimu mbili za mwaka kilipotengenezwa. Chombo cha plastiki cha aina hiyo huhesabiwa kuwa kimemaliza muda wake kikitimiza miaka mitano, hata kionekane kipya. Alama iliyochapwa kwenye karatasi na kubandikwa si uthibitisho.

Kabla ya safari, tia lita mbili za maji, funga, kilaze chombo kichwa chini juu ya gazeti kavu usiku mzima. Gazeti likilowa asubuhi, badilisha mpira wa kifuniko au rudisha chombo dukani ukiwa na risiti. Kisha kikaushe kabisa, kwa maana maji yatakayobaki yataishia kwenye injini.

Kujaza kituoni

Muulize mhudumu kwanza. Vituo vingi hukataa kujaza petroli kwenye vyombo, hasa vya plastiki, na mhudumu anayekataa anatimiza wajibu wake. Ukikubaliwa, zima injini, kila mtu ashuke, na jerikani iwekwe chini sakafuni. Usiijaze ikiwa juu ya tela, ndani ya buti au kwenye pikapu yenye zulia la plastiki. Petroli inayopita kwenye bomba huzalisha umeme tuli, na jerikani iliyokaa juu ya plastiki au zulia haina njia ya kuupeleka ardhini. Umeme huo hujikusanya hadi uruke kama cheche, mahali pale pale penye mvuke. Mdomo wa pampu uguse mdomo wa jerikani tangu mwanzo hadi mwisho, na mafuta yatiririke polepole.

Jaza lita 18 katika jerikani ya 20. Petroli hutanuka kwa asilimia 1 hivi kwa kila nyuzi 10 za joto, na chombo cha chuma kilichoachwa juani hupata joto zaidi ya hewa iliyokizunguka. Mvuke nao husukuma. Mwinuko una mchango wake pia: Iringa iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,500, na hewa ya huko ina msukumo mdogo kuliko ya pwani, kwa hiyo chombo kilichofungwa Dar es Salaam hufika Iringa kimevimba. Kifungue daima taratibu, uso ukiwa mbali.

Chukua risiti ya mashine yenye idadi ya lita, na utazame kama pampu ina stika ya Wakala wa Vipimo. Ukiuziwa mafuta ya chupa kandokando ya barabara hupati kimojawapo cha hivyo, na huna namna ya kujua kama yamechanganywa na mafuta ya taa. Gari likikuharibikia porini kwa mafuta ya namna hiyo, hakuna wa kumdai.

Mahali pa kufunga

Hapa ndipo wasafiri hutofautiana sana, na sababu ni kwamba hakuna mahali pasipo na kasoro. Tutasema wazi tunapopendelea, lakini kwanza tupaondoe pasipofaa.

Ndani ya gari, pamoja na abiria, hapafai kamwe. Ndani ya sanduku la tela lililozibwa hapafai pia, kwa sababu ya mvuke uliokwisha kuelezwa, na kwa sababu ndogo ambayo wapishi watailewa: unga na mchele ulionuka petroli hauliwi. Juu ya keria ya gari mafuta hupigwa na jua kutwa, gari huwa rahisi kupinduka konani, na mtu hulazimika kuinua kilo 18 juu ya kichwa chake akiwa amesimama kwenye tairi. Nyuma kabisa ya tela panavutia kwa kuwa pana nafasi. Lakini ndipo panapogongwa kwanza gari la nyuma likishindwa kusimama, na uzito uliowekwa nyuma ya ekseli huinua pua ya tela. Tela lililo jepesi puani huanza kuyumba kushoto na kulia likifika mwendo fulani, na dereva asiyezoea hufunga breki kwa nguvu, jambo linalozidisha kuyumba.

Tunapopendelea ni mbele ya sanduku la tela, nje, katika vishikio vya chuma vinavyoishika jerikani ikiwa wima, vilivyofungwa kwa nati kwenye fremu wala si kwenye bati. Hapo pana upepo, hapagongwi kwa urahisi, na uzito uko mbele ya ekseli. Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni mawe yanayorushwa na matairi ya gari katika barabara ya changarawe. Weka kinga ya bati au turubai zito mbele yake. Ya pili ni kwamba mtungi wa gesi na betri navyo hupenda kuwekwa huko huko. Vitenganishe: mafuta upande mmoja, gesi upande mwingine, na betri iliyofunikwa vichwa vyake isiwe jirani wala ya chini ya jerikani.

Uzito nao uhesabiwe. Kwa kawaida pua ya tela hupaswa kubeba karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Tela la kilo 750 litakuwa na kama kilo 75 puani. Jerikani mbili zenye lita 18 kila moja zina uzito wa kama kilo 36, yaani karibu nusu ya kiasi hicho, na zikiongezwa bila kupunguza kitu zaweza kuzidi uwezo wa ndoano ya gari. Sogeza vifaa vizito, kama zana na maji, kuelekea juu ya ekseli, kisha pima tena. Kaza mikanda, endesha kilomita 20, simama, kaza tena. Mkanda mpya hulegea siku ya kwanza.

Kambini

Zishushe jerikani kabla ya kuwasha chochote. Ziweke kivulini, juu ya ardhi tambarare, angalau hatua 15 kutoka hema na jiko, na upande ambao upepo hautoki kwenye mafuta kuja kwenye moto. Penye mteremko, mafuta yawe chini na kambi juu. Kama kuna hofu ya wizi, zifungie kwa mnyororo kwenye mti, usizilete hemani.

Kuna mwali mmoja unaosahaulika. Majokofu mengi ya matela ya kambi hutumia gesi, na ndani yake mna kimoto kidogo kinachowaka saa zote bila kuonekana. Msafiri huzima jiko, huzima sigara, kisha humimina petroli mita mbili kutoka kwenye jokofu linalowaka. Kabla ya kumimina, funga gesi kwenye mtungi wenyewe.

Mimina mchana, injini ikiwa imezimwa na kupoa, watoto wakiwa mbali na mtu mmoja akiwa ameshika kizimamoto cha unga mkavu. Kizimamoto hicho kisitundikwe karibu na jerikani, kwa kuwa siku kitakapohitajika hapatafikika. Tumia mdomo maalumu wa jerikani au faneli ndefu. Usinyonye mafuta kwa mpira mdomoni: petroli kidogo ikiingia mapafuni yaweza kuua. Aliyeimeza asitapishwe, awahishwe hospitali. Nguo zilizolowa zivuliwe mara moja na kuanikwa nje, mbali na moto. Petroli ikiwaka usiimwagie maji, kwani huelea juu ya maji na kusambaa nayo. Tumia unga wa kizimamoto au mchanga, na moto ukikuzidi ondoa watu, si mali. Namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, ijapo porini hutegemea kama simu ina mtandao.

Mimina mapema. Mara tu tangi linapokuwa na nafasi ya lita 18, petroli ya jerikani ya kwanza iingie humo. Hakuna faida ya kuihifadhi hadi taa ya geji iwake. Kumbuka lakini kwamba jerikani iliyomiminwa haijawa tupu. Matone yaliyobaki huijaza mvuke, na chombo cha namna hiyo chaweza kulipuka kwa urahisi kuliko kilichojaa, ambacho hakina nafasi ya hewa ya kutosha. Ifunge kifuniko, irudishe kwenye kishikio chake cha nje, na uitunze njiani kama ulivyoitunza ilipokuwa na mafuta.

Yaliyobaki mwishoni mwa safari yamiminwe kwenye tangi la gari ukifika Iringa, kabla ya kununua mengine. Nyumbani, ziache jerikani wazi nje, kivulini, mbali na madirisha na jiko la mkaa, mpaka harufu iishe kabisa, ndipo zifungwe na kuingizwa stoo.